AD724, AD725 au CXA1645: tathmini ya chipu za video kwa Genesis ya Marekani kwenye TV ya chogo

Mjomba wangu aliporudi kutoka Marekani alituletea Genesis ya toleo la pili, mashine ya gemu ile ndogo nyeusi ambayo Sega ilianza kuiuza mwaka 1993, pamoja na kaseti sita zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Adapta yake ya volti 120 tuliiweka kando, kwa kuwa umeme wetu wa volti 230 ungeiunguza papo hapo, tukatafuta nyingine inayofaa yenye chanya katikati, na mashine ikawaka. Sauti ilikuwa safi. Picha nayo ilitulia vizuri kwenye TV ya chogo ya inchi 21, haikuruka wala haikujikunja, lakini ilikuwa nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho: nyasi za kijivu, anga la kijivu, na Sonic, ambaye kila mtu anamjua kwa rangi yake ya bluu, akikimbia mwili mzima ukiwa rangi ya jivu.

Mashine ilikuwa nzima na TV ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni maelewano kati yao. Genesis ya Marekani hutoa rangi kwa mfumo wa NTSC, ambao hubeba rangi zote juu ya wimbi dogo la megahezi 3.58, ilhali TV nyingi za chogo zilizouzwa kwetu zilitengenezwa kwa mfumo wa PAL, ambao wimbi lake la rangi ni la megahezi 4.43. TV ya PAL isiyojua mfumo mwingine, isipolikuta wimbi inalolitafuta, huamua kwamba kipindi kinachoingia hakina rangi, kisha huizima sehemu yote ya rangi ili isionyeshe uchafu. Kuna TV nyingi zinazokubali mifumo yote miwili, na mwenye TV ya namna hiyo hatakutana na tatizo hili, ingawa atakutana na jingine nitakalolieleza.

Huko Ulaya, mtu mwenye mashine kama hii hununua waya wa SCART unaopeleka rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwenye njia yake, na suala la NTSC na PAL linakufa lenyewe kwa sababu hakuna wimbi la rangi lolote linalohitajika. TV za huku kwetu mara nyingi zina matundu matatu tu: la njano la picha, na jeupe na jekundu ya sauti. Baadhi zina tundu la S-Video, linalopitisha mwangaza na rangi kwa njia mbili tofauti. Kwa hiyo rangi tatu zinazotoka kwenye mashine ni lazima zichanganywe na kufungwa katika waya mmoja, na kazi hiyo hufanywa na chipu ya enkoda. Nimekuwa nikizijaribu chipu hizo moja baada ya nyingine ndani ya Genesis hiyo hiyo, kwa miezi kadhaa, na nimefikia uamuzi ambao sikuutarajia wakati naanza.

Kwanza niseme kilichokuwamo tangu kiwandani. Mega Drive (ndilo jina la Genesis nje ya Marekani) na Genesis za toleo la kwanza zilitumia chipu ya Sony CXA1145, chipu ambayo utaikuta pia ndani ya Master System, mashine ya Sega iliyotangulia, na ndani ya Neo Geo ya nyumbani ya SNK. Toleo la pili halikuwa na chipu moja. Bodi zilibadilika mara nyingi, na kila bodi ikawa na enkoda yake. Yangu ilikuwa na KA2195D ya Samsung, na mtu yeyote aliyewahi kuzifungua mashine hizi kadhaa atakubaliana nami kwamba hiyo ndiyo bahati mbaya kuliko zote. Niliipeleka mashine kwa jirani mwenye TV inayokubali NTSC ili niione rangi yake. Rangi ilikuja, lakini ilikuja na mistari mipana ya wima inayofanana na nondo za dirisha kwenye kila eneo la rangi moja, na kila mahali palipokuwa na mistari myembamba iliyokaribiana pakatokea upinde wa mvua ambao mchoraji wa gemu hakuuchora.

Upinde huo una sababu inayohesabika, na kuielewa ndiko kulikonisaidia kuchagua. Katika hali yake ya kawaida ya nukta 320 kwa mstari, Genesis huchora nukta milioni 6.71 kwa sekunde. Ukichora mistari ya wima inayopishana, nukta moja nyeupe na moja nyeusi, kila jozi hufanya wimbi moja, hivyo unapata wimbi la takribani megahezi 3.36. Linganisha na wimbi la rangi la NTSC la 3.58: tofauti ni megahezi 0.22 tu. TV haina njia ya kutambua kama hilo ni wimbi la mistari au ni wimbi la rangi, kwa hiyo hulichukua kama rangi na kulipaka. Wimbi la rangi la PAL la 4.43 liko mbali na mistari hiyo kwa zaidi ya megahezi 1. Nilipoiandika hesabu hiyo pembeni ya daftari niliona kwamba kuipeleka mashine ya Marekani kwenye rangi za PAL, huku ikibaki na mwendo wake wa picha 60 kwa sekunde, kungetatua matatizo mawili kwa mara moja. Mchanganyiko huo mafundi huuita PAL60, na TV nyingi za chogo za PAL huupokea bila shida, kwa kuwa tayari zilikuwa zikiipokea picha ya 60. Kilichokuwa kinakosekana ni rangi peke yake.

Sasa nije kwenye chipu zenyewe.

CXA1645 ya Sony ndiyo niliyoianza, kwa sababu sikuhitaji kuinunua. Imo ndani ya Saturn ya Sega na ndani ya matoleo ya awali ya PlayStation ya kwanza, na bodi za PlayStation zilizokufa bado zinapatikana kwa mafundi waliowahi kuhudumia vibanda vya gemu. Sony haiitengenezi tena, kwa hiyo ile utakayoipata ni ya kubandua au ni ya akiba ya zamani. Niliibandua kwa hewa ya moto kutoka bodi ambayo fundi mmoja wa Kariakoo alikuwa tayari ameichuna vitu vingine vyote, nikailehemu kwenye kibao kidogo. Ni chipu nzuri sana. Picha yake ni kali kuliko ya CXA1145, haihitaji vifaa vingi vya nje kama mtangulizi wake, inatoa S-Video, na ina mguu maalumu wa kufungia mtego unaopunguza mng'ao ulio karibu na wimbi la rangi, yaani dawa ya ule upinde wa mvua. Mtego huo huathiri waya wa njano peke yake. S-Video hupita bila kuguswa.

Kikwazo ni mapigo. Kila enkoda huhitaji kupewa mapigo ya kuundia wimbi la rangi, na CXA1645 hutaka yapewe kwa kiwango kile kile cha wimbi lenyewe: 3.58 kwa NTSC, 4.43 kwa PAL. Genesis hutoa 3.58 moja kwa moja kutoka kwenye chipu yake ya picha, inayoyapata kwa kugawanya mapigo makuu ya megahezi 53.69 kwa 15. Kwa mwenye TV inayokubali NTSC hilo ni jambo la furaha: unachukua rangi tatu, ishara ya ulinganishi (inayoiambia TV kila mstari unapoanzia) na mapigo kutoka pale pale ilipokuwa enkoda ya zamani, na kazi imekwisha. Nilifanya hivyo, nikarudi kwa jirani, na picha ilikuwa safi kiasi kwamba mwanawe aliuliza kama tumebadilisha TV. Lakini kwa TV yangu ya PAL ilinilazimu kuyatengeneza mapigo ya 4.43 kwa saketi ya pembeni, kisha kuyafikisha kwenye chipu yakiwa safi, na kibao changu cha kwanza hakikufaulu. Rangi zilikuja na kuondoka kila nilipoligusa sanduku. Nawasihi pia wasomaji wasiiue Saturn iliyo hai ili kuipata chipu hii. Bodi zilizokufa zinatosha.

AD725 ya Analog Devices ndiyo inayosifiwa zaidi, na ndiyo niliyoitumainia. Ni ya volti 5, ina miguu 16 iliyoachana kwa milimita 1.27, hivyo mkono uliozoea unaweza kuilehemu bila hadubini. Ina mguu wa mtego kama ile ya Sony. Ukitumia koili ya mikrohenri 68, kapasita ya takribani pikofaradi 29 itauweka mtego kwenye 3.58, na ya pikofaradi 19 itauweka kwenye 4.43, kapasita ndogo ya kurekebishwa hufika pande zote mbili. Mguu wa kwanza huchagua mfumo: ukiunganishwa na volti 5 ni NTSC, ukiunganishwa na ardhi ni PAL.

Kabla sijaonja uzuri wake niliingia hasara. Chipu mbili za kwanza nilizoagiza mtandaoni kwa muuzaji mmoja zilikuwa za bandia. Zilifika zikiwa na maandishi meupe mno na uso wenye weusi usiolingana na ubavu. Ya kwanza niliilehemu bila kuikagua; ilipata moto hadi kidole hakikuvumilia, na haikutoa picha yoyote. Ya pili niliisugua kwa pamba yenye asetoni. Baada ya kusugua mara tatu, pamba ilikuwa nyeusi, jina la AD725 lilikuwa limefutika, na chini yake palionekana mikwaruzo ya msasa iliyoelekea upande mmoja, pale ambapo jina la asili lilikuwa limeparuliwa. Tangu siku hiyo hakuna chipu inayoingia kwenye bodi yangu kabla ya kupita kwenye pamba. Zilizofuata nilizinunua kwa duka linalochukua mzigo wake kwa wasambazaji rasmi, kwa bei ya juu kidogo, na zote zilifanya kazi.

Chipu halisi ni bora kwa ubora wa picha. Kwenye TV ya jirani, mtego ukiwa umefungwa, upinde wa mvua ulipungua kiasi cha kutouona kwa aliyekaa kwenye kochi. Tatizo la AD725 kwa mashine hii ni lile lile la mapigo, tena limekua. Yenyewe haikubali mapigo ya kiwango cha wimbi la rangi. Hutaka yaliyozidishwa mara nne, yaani megahezi 14.318 kwa NTSC au 17.734 kwa PAL. Genesis haina mapigo hayo popote. Ukigawanya 53.69 kwa 14.318 unapata 3.75, na hakuna kigawanyo rahisi cha kukupa namba hiyo. Kwa hiyo ni lazima uongeze osileta yako mwenyewe, yaani kifaa cha kutoa mapigo, na osileta kamili, kwa sababu kristali tupu haitoshi: mguu ule unangoja mapigo yaliyokwisha kutengenezwa. Osileta ya 14.318 inapatikana kirahisi kwa sababu kompyuta za zamani ziliitumia. Ya 17.734 sikuipata katika duka lolote nililoingia, nikalazimika kununua kristali yake kutoka nje na kuijengea saketi kwa chipu ya 74HCU04. Ilifanya kazi, lakini kibao kilikuwa kikubwa kuliko nafasi iliyobaki chini ya kifuniko.

Kuna ndugu yake AD723, ambayo ina vikuza ishara vya picha vya ndani vinavyotambua kama TV imechomekwa. Niliiacha bila kuijaribu: miguu yake 28 imebanana mno, na sioni faida ya kuhatarisha bodi ya thamani kwa ajili ya uwezo ambao mashine ya sebuleni haiuhitaji.

Imebaki AD724, ambayo wengi huiruka kwa kuwa haina mguu wa mtego. Mimi mwenyewe niliiweka mwisho kwa sababu hiyo hiyo. Kwa umbo inafanana na AD725 karibu mguu kwa mguu. Tofauti kubwa iko kwenye mguu wa 12, ambao kwa AD725 ni wa mtego na kwa AD724 ni wa kuchagua aina ya mapigo. Na hapo ndipo hazina yake ilipo. AD724 hukubali mapigo yaliyozidishwa mara nne, hukubali pia mapigo ya kiwango cha wimbi lenyewe na kuyazidisha yenyewe kwa ndani, na zaidi ya hayo hukubali kristali tupu iliyofungwa moja kwa moja kwenye mguu wake wa tatu. Kristali ya megahezi 4.43, kapasita moja ya kurekebishwa, basi.

Na kristali ya 4.43, kwa sisi tulio katika nchi za PAL, imelala bure kila mahali. TV nyingi za chogo zilizouzwa kwetu zina kristali hiyo ndani yake, kando ya chipu ya rangi, ikiwa ndani ya kikopo kidogo cha bati kilichoandikwa 4.433619. Nilikwenda kwa fundi wa TV wa mtaani kwetu, mzee aliyezihudumia TV hizo tangu zilipokuwa mali ya wachache, nikamweleza ninachotafuta. Alisogeza rundo la bodi lililokuwa chini ya meza, akachagua moja, akaigusa kwa chuma cha kulehemu, na kristali ikadondoka kiganjani mwake. Nilipouliza bei alisema, "Chukua mwanangu, kitu hicho sijaulizwa na mtu miaka mingi." Nilimwachia pesa ya chai.

Namna nilivyoiunganisha ni hii. Enkoda ya zamani sikuitoa, kwa sababu bado ina kazi ya kupaza rangi tatu. Nilinyanyua mguu wake wa sita tu, ule unaoingiza mapigo ya 3.58, na kuukata kabisa na bodi. Rangi tatu nilizichukua kwenye miguu yake ya kutolea, nikazipitisha kila moja kwenye rezista ya omu 75, nikaweka nyingine ya omu 75 kwenda ardhini ili kiwango kishuke hadi volti 0.7 ambayo chipu za Analog Devices huitarajia, kisha kapasita ya mikrofaradi 0.1 kabla ya kuingia. Hatua hii wengi huisahau. Chipu za Sony hutarajia volti 1, na anayehama kutoka Sony kwenda AD724 bila kupunguza kiwango hupata picha iliyoungua, nyeupe ikimeza maandishi. Ishara ya ulinganishi ya Genesis ni moja iliyochanganywa, hivyo niliipeleka kwenye mguu wa 16 na kuufunga wa 15 kwenye volti 5. Kwenye kutoka, kila njia ilipata kapasita ya mikrofaradi 220 na rezista ya omu 75. Umeme wa chipu una miguu miwili, mmoja wa upande wa picha na mmoja wa upande wa mapigo, na kila mmoja uliwekewa kapasita yake ya mikrofaradi 0.1 karibu kabisa na mguu. Nilipoiweka mbali sentimita mbili, nondo za dirisha zilirudi.

Nilipowasha mara ya kwanza, picha ilikuja nyeusi na nyeupe. Sitaficha kwamba moyo ulilegea. Lakini TV ya PAL ina uvumilivu mdogo kwa wimbi la rangi, na kosa la mamia machache ya mizunguko kwa sekunde linatosha kuifanya izime rangi. Nilichukua kijiti cha plastiki nilichokuwa nimekinoa kama bisibisi, kwa kuwa bisibisi ya chuma huubadilisha uwezo wa kapasita kwa kuikaribia tu, nikaanza kuizungusha polepole huku nikitazama kioo. Robo ya mzunguko, hakuna kitu. Nikaongeza kidogo, kijani kikatokea sekunde moja kikapotea. Nikarudisha kwa upana wa ukucha, na rangi zote zikaingia kwa pamoja, anga la bluu, udongo wa kahawia wenye mraba mraba, pete za dhahabu, zikatulia.

Niliketi nikacheza uwanja mzima wa kwanza wa Sonic nikiangalia vitu vitatu. Cha kwanza ni nondo za dirisha: zimekwisha. Mapigo ya 3.58 yaliyokuwa yakivuja ndani ya enkoda ya zamani na kuingia kwenye rangi hayafiki tena huko, na anga limekuwa rangi moja kutoka pembe hadi pembe. Cha pili ni maporomoko ya maji. Wachoraji wa Sega waliyachora kwa mistari ya wima inayopishana, wakitegemea waya wa njano uiyeyushe ionekane kama maji yanayopitisha mwanga. Kwa KA2195D kwenye NTSC maji hayo yalikuwa na upinde wa mvua. Kwa S-Video ya CXA1645 mistari ilionekana mmoja mmoja kama pazia la ushanga, jambo ambalo baadhi ya watu hulipenda na mimi silipendi. Kwa AD724 kwenye PAL60 mistari imelainika bila kuyeyuka kabisa, na upinde wa mvua umebaki kivuli hafifu cha rangi ambacho sikukiona hadi nilipokaa umbali wa mkono mmoja. Chipu isiyo na mtego imefanya kazi ambayo kwenye NTSC ingehitaji mtego, kwa sababu ya zile megahezi moja na kidogo za umbali.

Cha tatu ni kasoro zake, na zipo. Kwa kuwa kristali hii haina uhusiano na mapigo ya Genesis, nukta ndogo hutambaa kwenye kingo za rangi kali, hasa nyekundu juu ya bluu, na kwa chipu inayotumia mapigo ya mashine yenyewe nukta hizo hutulia zaidi. Maandishi mekundu hupakazika kidogo upande wa kulia, kama ilivyo kwa enkoda zote kwenye waya wa njano. Katika S-Video kasoro ya nukta huondoka kabisa, na ukali unakaribia sana ule wa CXA1645, ingawa kwa macho yangu nyeupe ya Sony bado ina usafi wa ziada. TV chache za PAL za zamani sana hukataa picha ya 60. Huzunguka juu chini na hakuna enkoda itakayozitibu, kwa hiyo ijaribu TV yako kwanza kwa kuitazama picha ya kijivu kabla ya kununua chochote. Ikiwa picha ya kijivu imetulia, rangi zitakuja.

Kwa mwenye Genesis au Mega Drive ya Japani na TV ya PAL tupu, nampendekezea AD724 bila kusita. Kwa mwenye TV inayokubali NTSC na bodi ya PlayStation iliyokufa karibu yake, CXA1645 itampa picha bora kwa gharama ya risasi ya kulehemu na muda, kwa kuwa mapigo anayo tayari. AD725 naipendekeza kwa anayejenga kibao cha kuhudumia mashine nyingi tofauti kwenye TV ya NTSC, mwenye osileta ya 14.318 mkononi na anayejali waya wa njano kuliko S-Video. Na mwenye Mega Drive iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya asiguse kitu kwanza: hiyo tayari inatoa PAL, na pengine kubadilisha kapasita zilizochoka kutamtosha.

Jambo la mwisho la kufanya kabla ya kufunga kifuniko ni kuiacha mashine iwake saa nzima ikiwa na kifuniko chake kimeegeshwa juu, kwa sababu kristali hubadilika kidogo inapopata joto, na rangi iliyoshikwa kwenye ukingo wa uvumilivu wa TV itapotea katikati ya mchezo. Yangu ilipotea baada ya dakika arobaini. Niliirekebisha ikiwa bado ya moto, nikaizima hadi asubuhi, nikaiwasha ikiwa ya baridi, rangi ikaja bila kuguswa. Hapo ndipo nilipodondosha tone la rangi ya kucha juu ya kapasita ili isizunguke tena, nikakaza skrubu zote, na mjomba akachukua pedi ya kwanza.